ThinkPad T480 yenye Debian: mwaka mmoja na nusu, na sasa inalala usingizi wa pono

Juu ya kifuniko cha ThinkPad, pale kwenye herufi i ya jina lake, kuna kinukta chekundu. Mashine ikiwa macho kinawaka tu. Ikilala kinafifia na kurudi, kinafifia na kurudi, kama mtu anayepumua. Nilikaa nayo miezi mitatu nikidhani ni pambo. Ningejua mapema kazi ya kinukta hicho, nisingeshuka Mbezi na begi la moto na kompyuta yenye chaji asilimia 9.

Naandika kwa mtu anayefikiria kununua T480 iliyotumika na kuiwekea Linux, na hasa kwa yule ambaye kompyuta yake "hailali" na ameshaanza kuilaumu. Mimi si fundi. Ni mfasiri, nakaa Ngamiani hapa Tanga, na zaidi ya nusu ya kipato changu kinatokana na mahojiano yaliyorekodiwa: watafiti wananitumia sauti, nawarudishia maandishi. Sina haja na kompyuta ya michezo. Nataka kibodi isiyoumiza vidole, betri itakayovumilia umeme ukikatika katikati ya kazi, na mashine ninayoweza kuifunga na kuifungua kama daftari, nikaikuta sentensi pale pale nilipoiacha.

T480 ilitoka mwaka 2018. Yangu niliinunua Kariakoo, kwenye duka moja la kompyuta zilizotumika ambalo silitaji jina, kwa shilingi 720,000: Core i5 ya kizazi cha 8, SSD ya GB 256, RAM ya GB 8 ambayo baadaye niliiongeza ikawa 16. Kilichonivuta ni betri zake mbili. Moja iko ndani, ya Wh 24 (saa-wati, kipimo cha umeme inaobeba). Ya pili inachomekwa kwa nyuma, nayo ina ukubwa tofauti: 24, 48, au ile nene ya 72 inayoinua kompyuta kama imewekewa mto. Kwa kuwa ya ndani ipo, unachomoa ya nje na kuweka nyingine kompyuta ikiwa inawaka, huzimi kitu. Anayeishi panapokatika umeme ataelewa kwa nini nilitabasamu pale dukani.

"Dada, betri zote nzima kabisa," muuzaji aliniambia, "saa nane bila wasiwasi." Nikamwamini. Nitamrudia.

Jioni ile ile niliweka Debian 12, mojawapo ya Linux nyingi zilizopo. Toleo hili lilitoka Juni 2023, na ndilo la kwanza ambalo diski yake rasmi inakuja na zile programu ndogo za vifaa zisizo huria, ambazo zamani ulizitafuta pembeni ndipo Wi-Fi ikubali. Wi-Fi ilikubali papo hapo. Sauti, kamera, vitufe vya mwangaza, vyote vilikubali. Kwa upande wa madirisha na menyu nilichagua Xfce kwa sababu ni nyepesi na haina papara ya kubadilika kila mwaka. Hata kulala kulikubali: nikifunga kifuniko inalala, nikifungua inaamka ndani ya sekunde mbili. Nikajua hapa sina cha kurekebisha.

Siku ya safari nilikuwa nakwenda kwenye warsha Dar, na nilikuwa nimeahidi kukabidhi maandishi mchana huo huo. Ilibaki saa moja ya kusahihisha, nikapanga kuimalizia nikishuka tu. Nilichaji usiku kucha, alfajiri nikafunga kifuniko, nikaitia begini pamoja na chaja, kipanya na kanga mbili, basi likatoka stendi ya Kange saa kumi na mbili. Muheza, Segera, Mkata. Begi nimeliweka miguuni. Kufika Chalinze nikahisi joto kwenye kifundo cha mguu, nikadhani ni injini ya basi.

Pale stendi ya Magufuli, Mbezi, nilifungua zipu, joto likanipiga usoni kama sufuria ya wali uliopaliwa makaa. Feni inavuma. Kanga ya juu kama imetoka kupigwa pasi. Asilimia 9. Kazi niliimalizia nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kwenye kibanda cha kuchaji simu, kwa shilingi 1,000, na niliikabidhi saa mbili baada ya muda.

Mtoto wa kaka yangu, anayesoma mambo haya chuoni, ndiye aliyenizuia nisianze kubadilisha mipangilio hovyo. "Shangazi, iulize kwanza yenyewe ilifanya nini." Keneli, yaani kiini cha Linux, huandika kila kompyuta inapolala na kila inapoamka, na unaisoma hivi:

sudo journalctl -k -b | grep "PM: suspend"

Kila usingizi una mistari miwili, wa kuingia na wa kutoka. Siku ile iliingia 05:31 na kutoka 05:44. Dakika 13. Hiyo 05:44 ndipo nilipokuwa kwenye bodaboda naelekea Kange, begi mgongoni. (Mama, aliyekuwa akisoma skrini nyuma yangu, alitaka kujua saa tano na dakika arobaini na nne za usiku nilikuwa natafuta nini barabarani. Saa za kompyuta na saa zetu zitatugombanisha siku moja.)

Mistari ile miwili ilinifuta machozi. Kompyuta inajua kulala. Cha kutafuta ni kilichoiamsha.

Kabla ya hapo, kuna neno moja kwenye mstari wa kuingia ambalo mpwa wangu alilinyooshea kidole: deep. Ndilo lililonifanya niipende mashine hii kuliko nilivyotarajia. Kompyuta za siku hizi zina kulala na zina kusinzia. Faili la /sys/power/mem_sleep linakutajia aina za usingizi zilizopo, na ile inayotumika inawekewa mabano. T480 inazo mbili, s2idle na deep, na mabano yako kwenye deep bila mimi kugusa kitu. Deep ni ile S3 ya kanuni za umeme wa kompyuta ziitwazo ACPI, ambazo Intel, Microsoft na Toshiba walizitoa Desemba 1996: prosesa inakatiwa umeme, karibu kila kitu kinazimwa, RAM peke yake inabakiziwa tone la kuishi. Huo ndio usingizi wa pono. s2idle ni kusinzia. Programu zinagandishwa, vifaa vinaambiwa kimoja kimoja vipunguze matumizi, lakini hakuna aliyezima swichi kubwa. Kikitokea kifaa kimoja kikakataa kutulia, betri inaliwa mpaka kunakucha.

Kompyuta ya mpwa wangu ni ya mwaka 2022, nyembamba, nzuri, ya kampuni nyingine ambayo haina kosa lake peke yake. Ina s2idle tu. Deep haimo hata kwenye orodha, kwa hiyo hakuna cha kuchagua. Microsoft ilileta kitu kinachoitwa Modern Standby pamoja na Windows 10 mwaka 2015, ili kompyuta ikae kama simu, imefungwa lakini inapokea barua. Tangu hapo watengenezaji wengi wameiacha S3 taratibu, na kwenye mashine nyingi mpya haipo kabisa. Usiku mmoja tulizilaza zote mbili kwenye kochi, kuanzia saa nne mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Yangu ilipoteza asilimia 4. Yake 23.

"Yangu inaota, shangazi," akasema.

Kwa hiyo ukienda dukani na nia yako ni Linux, beba flashi yenye Debian ya kujaribia bila kusakinisha. Iwashe mbele ya muuzaji, soma lile faili la mem_sleep, kisha uanze kuulizana bei. Muuzaji mwenye haraka ya kukuzuia ana sababu yake. Na ukikuta zote mbili zipo lakini mabano yako kwenye s2idle, hujapoteza: unaongeza mem_sleep_default=deep kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ndani ya /etc/default/grub, unapiga sudo update-grub, unawasha upya.

Sasa mwamshaji. Nilisoma /proc/acpi/wakeup, ambayo ni orodha ya vilivyopewa ruhusa ya kuiamsha kompyuta, nikakuta mle majina yanayofanana na namba za magari. Sikuelewa kitu. Jibu lilikuja kwa chai. Nilikuwa nimeilaza mezani, kifuniko kimefungwa, kinukta kinapumua, nikanyoosha mkono kuchukua kikombe, kiwiko kikagusa kipanya. Kinukta kikaacha kupumua.

Kipanya changu ni cha bila waya, na kile kidude chake cha USB nilikuwa nakiacha kimechomekwa siku zote kwa sababu nikikichomoa nakipoteza. Kwa kawaida keneli huruhusu kibodi ya USB kuamsha kompyuta, lakini kipanya hukinyima. Tatizo ni kwamba kidude changu ni cha aina inayopokea kibodi na kipanya kwa pamoja, kwa hiyo kikichomekwa kinajitambulisha kuwa ni kibodi pia. Kikapewa ruhusa ya kibodi. Ndani ya begi, kipanya kikigongana na chaja kwenye kila tuta, kilikuwa kinabisha hodi njia nzima.

Mwanzo nilitumia nguvu nyingi kuliko ilivyohitajika. Nilizima XHCI yote kwenye ile orodha, maana yake tundu lolote la USB lisiamshe chochote. Kukawa kimya kweli, ila nikiwa nyumbani na kibodi ya nje ikawa lazima nifunue kifuniko kila mara. Na mabadiliko hayo hufutika ukiwasha upya. Baadaye nikakinyima ruhusa kidude peke yake:

echo disabled | sudo tee /sys/bus/usb/devices/1-2/power/wakeup

Hiyo 1-2 ni tundu ninalotumia mimi, yako itakuwa nyingine. Ili idumu, mpwa wangu aliniandikia sheria ya mstari mmoja kwenye /etc/udev/rules.d.

Hata hivyo kulikuwa na swali ambalo lilinikera zaidi. Sawa, imeamshwa na kipanya. Kifuniko si kimefungwa? Kwa nini haikurudi kulala? Hapa mwenye lawama ni mpangilio wa Xfce, na nasema hivi nikiwa naipenda. Kuna msimamizi wa mfumo, logind, ambaye akiachiwa kazi ya kifuniko huangalia tena baada ya kuamka: kimefungwa? Basi tulale. Kwangu, programu ya umeme ya Xfce ilikuwa imeichukua kazi hiyo mikononi mwake, na yenyewe inasubiri tukio la kifuniko kufungwa. Begini hakuna tukio. Kifuniko kilishafungwa zamani. Basi inakaa macho gizani, inasubiri mtu akifungue ili apate kukifunga. Nilirudisha kazi kwa logind hivi:

xfconf-query -c xfce4-power-manager -p /xfce4-power-manager/logind-handle-lid-switch -n -t bool -s true

Tangu hapo hata ikiamshwa kwa bahati mbaya, ndani ya dakika moja hivi inarudi kulala. Angalizo dogo: ukiwa umechomeka skrini ya nje, logind haiilazi kompyuta ukifunga kifuniko. Ndivyo ilivyokusudiwa, wala usihangaike nayo.

Sasa turudi kwa muuzaji wangu wa "nzima kabisa". Betri ya ThinkPad inajua umri wake na haidanganyi ukiiuliza. Unapiga upower -d, unasoma mistari miwili tu: energy-full-design, yaani ilizaliwa na kiasi gani, na energy-full, yaani leo inajaa kiasi gani. Ya ndani ilizaliwa na 24, inajaa 18.2. Ya nje ilizaliwa na 48, inajaa 30.7. Nilikuwa nimeuziwa theluthi mbili ya betri kwa bei ya betri nzima. Nilirudi dukani na namba nimeziandika kwenye karatasi. "Dada, betri ni betri," nikaambiwa, kisha nikapewa begi jipya la kompyuta kama pole. Begi ni zuri, sitaki kusema uongo. Betri ya nje nilinunua kwingine, na safari hii niliichomeka na kupiga upower kabla ya kutoa hela.

Ili hii mpya isife mapema nimeweka TLP, programu ya kutunza umeme na betri. Inapatikana kwa apt, na nje ya kuisakinisha sikuigusa ila kwenye jambo moja: kikomo cha chaji. Mimi hukaa mezani na chaja imechomekwa kutwa, na betri kukaa imejaa asilimia 100 muda wote kunaizeesha. Kwa hiyo kwenye /etc/tlp.conf nimeweka START_CHARGE_THRESH_BAT1=75 na STOP_CHARGE_THRESH_BAT1=80 kwa betri ya nje, na vivyo hivyo kwa BAT0, ya ndani. Usiku wa kuamkia safari napiga sudo tlp fullcharge BAT1 na inajaa yote, mara hiyo tu. Si kila kompyuta inakubali vikomo hivi. ThinkPad inakubali, na kwangu hiyo peke yake ni nyota nzima.

Kuna kulala kwa aina ya tatu, ambako RAM yote inaandikwa kwenye diski na umeme unakatwa kabisa. Nilikutaka kwa zile siku tatu nne ambazo naiacha nyumbani bila chaja. Debian ilikataa, kwa sababu mbili ambazo hazikujionyesha kwa pamoja. Kwanza, kisakinishi kilinipa swapu, ile nafasi ya diski inayopokea yaliyomo kwenye RAM, ya MB 976, na RAM yangu ni GB 16. Lita kumi na sita haziingii kwenye kikombe. Nikatengeneza faili la swapu la GB 18 na kuiambia keneli lilipo kwa resume na resume_offset. Nilikosea tarakimu moja, mashine ikaamka kama imewashwa upya na kurasa mbili za tafsiri zikaenda na maji. Pili, Secure Boot, ule ulinzi unaokagua mfumo wakati wa kuwasha, ikiwa imewashwa, keneli inakataza kabisa usingizi wa namna hii, kwa hoja kwamba mtu anaweza kuichezea picha ya RAM iliyoko kwenye diski. Ilibidi nizime Secure Boot kwenye BIOS. Sasa inafanya kazi, lakini kuamka kunachukua nusu dakika, na ukweli ni kwamba naitumia mara moja kwa mwezi. Kama S3 yako ni nzima, usijitese.

Kwa udadisi tu, wikiendi moja nilijaribu OpenBSD, mfumo mwingine huria usio Linux, kwenye SSD ya pembeni. Amri yao ya kulala ni zzz. Ya kulala mpaka diski ni ZZZ, kwa herufi kubwa. Nilicheka peke yangu. Ililala na kuamka vizuri, na kifuniko kikifungwa inalala yenyewe. Nilirudi Debian kwa sababu ya programu zangu za kazi, ila ucheshi ule umenikaa.

Vingine kwa haraka. Kibodi ni bora kuliko zote nilizowahi kuandikia. Skrini ya kawaida ya T480 haina mwanga mwingi, barazani mchana utakunja uso. Uzito unausikia begani. Spika ni za kujulishwa tu kwamba sauti ipo. Mimi natumia visikilizi kwa hiyo sijali. Kwa kuandika huku nasikiliza sauti, mwangaza wa chini na Wi-Fi imezimwa, powertop inaniambia natumia wati 5 hivi, na betri mbili zinanivusha kutoka chai ya asubuhi mpaka magharibi. Ukitaka kuilaza bila kufunga kifuniko, bonyeza Fn pamoja na 4.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeikata kwa uzito na skrini. Usingizi wake sina la kusema.

Wiki iliyopita nimekwenda tena Dar. Nilipofika nilisoma kumbukumbu hapo hapo stendi: imeingia 05:29, imetoka 11:18, jozi moja ya mistari, na chaji asilimia 97. Nilimpigia mpwa wangu kumjulisha. Alifurahi, kisha akaniuliza kama nimeshawahi kukipindua kile kipanya nikatazama tumboni mwake. Nikakipindua. Kuna kitufe cha kukizima.